Askari Aliyestaafu na Usukani wa Lori: Aajiriwe na Nani Arua na Koboko?

Katika miji ya Arua na Koboko, askari anapofika mwisho wa utumishi wake akiwa na ujuzi wa udereva, shauri la kwanza analolipata kutoka kwa jamaa na marafiki ni kwamba sasa akatafute lori. Shauri hilo si baya. Malori yapo, mizigo ipo, na mtu aliyekwisha kuendesha gari la jeshi katika matope na milima hawezi kuitwa mwanafunzi. Lakini shauri hilo limepungukiwa na nusu yake: lori la nani? Swali hili wengi huliuliza baada ya ajali, au baada ya miezi mitatu bila mshahara. Twaona kwamba lingefaa liulizwe kabla ya mtu kushika usukani. Tunawaandikia askari wa jeshi na wa polisi kwa pamoja, kwa sababu wa kwanza watayaendesha magari hayo, wa pili huyasimamisha kila siku barabarani, na wote wana siku ya kustaafu.

NJIA NA MIZIGO YAKE

Hapana budi tuanze na njia yenyewe, maana kazi ya dereva hupimwa kwa njia anayopita. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na wakati huo watu waliamini kwamba West Nile imeunganishwa na bahari kwa chuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shirika la reli nalo likagawanyika, na katika miaka iliyofuata treni za mizigo zikaacha kufika huko. Tangu hapo saruji, mabati, chumvi, sabuni na dizeli huja kwa lori: kutoka Mombasa hadi Kampala, kisha Karuma, Pakwach, Nebbi, na mwisho Arua.

Kutoka Arua njia ina milango miwili. Mmoja ni Vurra, kuelekea Aru na Ariwara katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwingine ni Koboko na Oraba, kuelekea Kaya na Yei katika Sudan Kusini. Barabara inayoiunganisha milango hiyo, yenye kilomita zipatazo 92, iliwekwa lami katika muongo uliopita kwa fedha za Benki ya Dunia, na ndiyo iliyowafanya matajiri wengi wapeleke magari yao huku. Karibu na Koboko, mahali paitwapo Salia Musala, mipaka ya nchi tatu hukutana. Dereva wa hapa anaweza kulala Uganda, kushusha mzigo Kongo, na kupakia mwingine wa kwenda Sudan Kusini katika juma moja. Akivuka Vurra au Oraba hubadili na upande wa barabara, kwa kuwa Uganda magari hupita kushoto, na huko ng'ambo hupita kulia. Kwa mwenye gari tupu hilo ni jambo dogo, lakini kwa mwenye trela lililojaa, usiku, ni jambo la uhai.

Pamoja na biashara uko mzigo wa misaada. Kambi ya Bidi Bidi, katika Wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka 2016, na wakimbizi waliopokelewa humo kutoka Sudan Kusini walizidi 200,000. Ongeza Rhino Camp, Imvepi, na Lobule iliyo katika Wilaya ya Koboko yenyewe. Umati huo hula, hunywa na huezeka nyumba, na chakula chao hufika kwa lori. Kwa hiyo kazi ya udereva katika mkoa huu haitakwisha kesho. Kinachostahili kuchunguzwa ni masharti yake.

ASKARI AINGIAPO SHERIA ASIYOIZOEA

Jambo ambalo askari wengi hawalijui ni hili: Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inayolinda wafanyakazi wa Uganda, haiwahusu wanajeshi walio katika utumishi. Vivyo hivyo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 imewatoa wanajeshi walio kazini. Jeshi lina kanuni zake, hospitali zake, na malipo yake ya uzeeni. Mtu aliyetumikia miaka 20 chini ya utaratibu huo amezoea kwamba akiumia atabebwa, akihamishwa atapewa gari, na akifa kuna ofisi itakayomzika. Hakuwahi kulazimika kusoma mkataba, kwa sababu amri ilikuwa ndiyo mkataba.

Siku anapoajiriwa na mwenye malori mambo hugeuka. Sasa hakuna anayembeba ila karatasi aliyotia saini, na kama hakutia saini karatasi yoyote, hakuna kitu. Tumewaona watu hodari, waliokuwa makoplo na masajini, wakipokea ufunguo wa gari kwa kupeana mikono tu, kwa imani kwamba mkubwa akisema amesema. Imani hiyo ilijengwa kambini, nayo huko ni sifa njema. Katika biashara humfaa tajiri peke yake.

Sheria ya Ajira yataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, yakionyesha mshahara, saa za kazi, likizo na muda wa kuarifiana kabla ya kuachana. Inaweka saa 48 kuwa kiasi cha juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Inatoa likizo ya siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, maana yake siku 21 kwa mwaka. Inataka mfanyakazi apewe maandishi yanayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa. Na aliyefukuzwa bila haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya, mradi asichelewe kupita miezi mitatu.

Lakini sheria haikumwekea dereva kima cha mshahara chenye maana. Kima cha chini kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 fedha ikabadilishwa na sufuri mbili zikafutwa, na mwaka 2019 Bunge likapitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya ambao Rais hakuutia saini. Basi dereva asitazamie serikali imkadirie thamani yake. Bei ya kazi yake itakuwa ile aliyoipatana mwenyewe, na ndiyo maana uchaguzi wa tajiri una uzito kuliko ukubwa wa injini.

MATAJIRI WA AINA TATU

Kwa jumla mwenye leseni ya magari makubwa katika Arua na Koboko hukutana na waajiri wa aina tatu.

Wa kwanza ni kampuni kubwa zenye makao Kampala, Mombasa au Nairobi, ambazo magari yake hufika West Nile kama kituo kimoja kati ya vingi. Hizi mara nyingi zina mikataba ya maandishi, karakana, bima, na chombo cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Ubaya wake ni kwamba dereva ni nambari. Akikosana na msimamizi hakuna mzee wa kuwapatanisha, na nyumbani Koboko anaweza kufika mara moja katika miezi miwili.

Wa pili ni wafanyabiashara wa hapa wenye magari mawili, matatu au matano. Hawa ni jamaa. Dereva humjua tajiri, baba yake na msikiti au kanisa lake. Mtoto akiugua, fedha hutoka siku hiyo hiyo bila barua. Lakini ujamaa huo huo ndio humfunga mdomo. Atamdaije shemeji yake karatasi ya mkataba? Atamwambiaje mjomba kwamba breki hazishiki? Tena mwenye magari matatu akipoteza moja Yei, mshahara wa madereva wote husimama, kwa kuwa hana akiba. Asemaye kwamba tajiri wa karibu ni mwema kuliko wa mbali, au kinyume chake, hajayapima mambo.

Wa tatu ni wakandarasi wadogo, wanaochukua mzigo kutoka kwa mkandarasi mkubwa, hasa mzigo wa misaada na wa ujenzi. Nembo iliyobandikwa mlangoni si ya anayemlipa dereva. Shirika la kimataifa limelipa kwa wakati, mkandarasi mkubwa amelipwa, na dereva bado anaambiwa fedha hazijafika. Kwa aina hii swali la kwanza liwe: jina lililo katika kadi ya gari, jina lililo katika mkataba, na jina linalotoa mshahara, je, ni jina moja? Yakiwa matatu, dereva ajue kwamba siku ya shida kila mmoja atamwelekeza kwa mwenziwe.

HESABU YA MSHAHARA NA MILEJI

Sasa tufike kwenye jambo linalowadanganya wengi. Kampuni nyingi hulipa mshahara mdogo na posho kubwa ya safari, ambayo madereva wenyewe huiita mileji. Kijana husikia jumla na hufurahi. Mtu mzima yampasa aigawe jumla hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Dereva mmoja ameandikiwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, na safari zake humpa mileji ya 500,000. Mwenzake ameandikiwa mshahara wa 800,000 bila mileji. Mfukoni wako sawa. Lakini katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Yule wa kwanza, ikiwa tajiri ameandika 300,000 tu, huwekewa 45,000 kila mwezi. Wa pili huwekewa 120,000. Baada ya miaka kumi, kabla ya faida yoyote, wa kwanza ana 5,400,000 na wa pili ana 14,400,000.

Na huo ni upande wa uzee. Upande wa mauti ni mzito zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema kwamba mfanyakazi akifa kwa ajali iliyotokana na kazi, wategemezi wake walipwe kiasi kilicho sawa na mapato yake ya miezi 60. Kwa mshahara wa 300,000 hiyo ni shilingi 18,000,000. Kwa 800,000 ni 48,000,000. Tofauti ya shilingi milioni 30, ambayo ni ada ya watoto na paa la mjane, imo katika mstari mmoja wa mkataba, kwa kuwa tajiri ataweza kudai kwamba mileji ilikuwa fedha ya njiani wala haikuwa mapato. Dereva asiyeigawa jumla yake angali hai, wenzake wataigawa juu ya kaburi lake.

Inafaa pia ajue kwamba tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kuchangia. Neno la zamani kwamba kampuni yetu ni ndogo, hatumo katika NSSF, limekufa. Anayelitamka leo anamwambia dereva, pasipo kukusudia, jinsi atakavyomtendea katika mambo mengine.

MSHAHARA UNAOMFUNDISHA MTU WIZI

Wapo matajiri wanaolipa kidogo mno kwa makusudi, kwa hesabu kwamba dereva atajitafutia mwenyewe njiani. Arua inaijua habari hii. Vijana wanaouza mafuta kwa madumu kando ya barabara, waliojulikana kwa jina la OPEC, walitokea miaka ya 1980, baada ya watu waliokimbilia Zaire na Sudan kwa vita vya mwaka 1979 kuanza kurudi makwao. Mengi ya mafuta yao yalivuka mpaka bila kodi. Katika soko la namna hiyo dereva mwenye njaa hapungukiwi na mtu wa kununua dizeli aliyoinyonya kutoka tangi la tajiri wake, wala na mtu wa kumpa mzigo wa kuficha chini ya turubai.

Tajiri wa aina hii hujiona mjanja, kwa kuwa amepunguza mshahara. Lakini amemfunga dereva kamba mbili. Kwanza, hawezi kudai haki yake, kwa sababu tajiri anajua alivyoiba na atamtaja polisi siku atakapoinua sauti. Pili, mzigo wa magendo ukikamatwa, Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu gari lenyewe litaifishwe, na mtu anayekutwa katika gari ni dereva na taniboi wake. Mwenye mzigo yuko nyumbani anakunywa chai. Kwa askari aliyestaafu kwa heshima hakuna anguko lililo chungu kama hilo: miaka 20 ya utumishi msafi kumalizika katika selo kwa ajili ya mbao za mtu mwingine.

Kwa hiyo mshahara mdogo kupita kiasi usihesabiwe kuwa ni umaskini wa kampuni tu. Mara nyingi ni ishara ya kazi nyingine isiyotajwa. Dereva na aulize waziwazi: lakiri ya forodha ikikutwa imekatika, kampuni hufanya nini? Nani hutia saini orodha ya mzigo? Je, naruhusiwa kukataa kuondoka kama mzigo haulingani na karatasi? Kampuni safi ina jibu tayari. Kampuni chafu hucheka.

GARI, UZITO NA USINGIZI

Polisi wa usalama barabarani hawahitaji kuhubiriwa juu ya ajali. Taarifa ya Polisi ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba watu 5,144 walikufa katika barabara za Uganda kwa mwaka huo mmoja. Ajali ya lori haianzi pale kwenye kona. Huanza katika karakana, katika mizani, na katika saa za kulala.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka tani 56 kuwa mwisho wa uzito wote wa lori na mzigo wake, na kila ekseli ina kiasi chake. Lipo tajiri atakayesema njoo, tutaongeza mifuko michache ya saruji, mizani nitaimaliza kwa simu. Mteremko haupokei simu. Kabla ya kukubali kazi, dereva aombe kulizunguka gari atakalopewa: atazame matairi, likiwemo la akiba, aikanyage breki, na aulize lini lilifanyiwa matengenezo na ni nani hulipa gari likiharibika Pakwach usiku. Jeshini hakuna dereva anayelipokea gari bila kulikagua na kutia saini. Nidhamu hiyo asiiache langoni mwa kambi, maana huku uraiani ni mtaji.

Kuhusu leseni, daraja la CH ni la malori makubwa na CE ni la gari lenye trela. Kuna waajiri wanaompa mwenye CH trela, wakisema wewe ulikuwa mwanajeshi, utaweza. Kuweza ataweza, lakini bima haitazami uwezo. Inatazama karatasi.

NJIA IKIFUNGWA, NANI HULIPA?

Septemba mwaka 2024 daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilifungwa kwa matengenezo, na malori ya kwenda West Nile yakalazimika kuzunguka kwa Mbale, Soroti na Lira. Miaka minne kabla ya hapo, katika maradhi ya Korona ya mwaka 2020, madereva walikaa foleni za siku nyingi mipakani wakingoja kupimwa, na katika vijiji vingi wakaogopwa kama kwamba wao ndio maradhi. Mambo hayo mawili yaligawanya kampuni kama upepo unavyogawanya ngano na makapi. Zipo zilizoongeza posho ya siku za kusubiri, na zipo zilizolipa kwa safari tu, zikamwacha dereva ale kwa mkopo. Mwenye kutafuta kazi awaulize madereva wa kampuni hiyo swali moja: Karuma ilipofungwa mlilipwaje? Jibu lake litamfaa kuliko sifa zote za msimamizi.

Kisha iko hatari ya bunduki. Askari wetu wanaikumbuka Julai ya mwaka 2016, vita vilipozuka tena Juba, na Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda likapeleka msafara kupitia Nimule kuwatoa Waganda waliokwama, katika operesheni iliyoitwa Okoa Wananchi. Wengi wa waliokolewa walikuwa wafanyabiashara na madereva. Mwaka 2021 madereva wa malori waligoma Elegu, wakakataa kuingia Sudan Kusini, baada ya wenzao kuuawa barabarani. Njia ya Kaya na Yei, ambayo ndiyo mwendelezo wa barabara yetu ya Koboko, imeonja mashambulizi ya aina hiyo mara nyingi tangu mwaka 2016.

Hapa askari aliyestaafu ana sifa na ana mtego. Sifa yake ni kwamba anajua kusoma barabara, anajua msafara ni nini, na hababaiki upesi. Mtego wake ni kwamba matajiri humtaka kwa sababu hiyo hiyo, wampeleke pale ambapo wengine wamekataa kwenda, kwa bei ile ile. Ushujaa ni mali yake mwenyewe, asiutoe bure. Aulize mambo matatu: nani katika kampuni huamua kwamba leo gari halivuki Oraba, na je, dereva akikataa kuvuka atapoteza kazi? Bima inamfuata ng'ambo ya mpaka, au inakoma kwenye kizuizi? Na akitekwa au kuuawa huko, kampuni imeandika wapi kwamba itamrudisha? Jeshini alikuwa na redio, wenzake kumi na daktari nyuma yake. Katika lori ana taniboi na simu isiyo na mtandao.

JE, DEREVA ANA UCHAGUZI?

Tunajua litakalosemwa dhidi yetu. Watu watasema kazi ni chache, madereva ni wengi, na anayeuliza maswali mengi huambiwa apishe njia. Neno hilo lina ukweli. Koboko si Mombasa, na mwenye watoto sita hawezi kungoja kampuni kamilifu. Tena wazee wengi wa West Nile waliingia katika mashamba ya miwa na katika jeshi la King's African Rifles bila ya mtu kuwauliza wanapenda nini.

Lakini uchaguzi si kukubali yote au kukataa yote. Anayeshindwa kupata mshahara mkubwa anaweza kudai mshahara ule ule uandikwe. Anayeshindwa kupata mkataba mrefu anaweza kudai barua ya ukurasa mmoja yenye jina la kampuni, mshahara, na sahihi. Anayeshindwa kuchagua njia anaweza kuchagua gari. Na hata aliyekubali masharti mabaya kwa sababu ya njaa, aweke daftari: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kufika, mzigo, fedha aliyopokea. Afisa wa kazi hawezi kusikiliza kumbukumbu za moyoni, bali daftari atalisoma.

Tena dereva hayuko peke yake kama anavyodhani. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, Amalgamated Transport and General Workers' Union, kina mizizi iliyoanzia mwaka 1938, wakati madereva wa Uganda walipoungana kwa mara ya kwanza. Jeshini askari hawaruhusiwi kuwa na chama, na ni haki, maana jeshi haliendeshwi kwa kura. Kwa hiyo wengi wakistaafu huendelea kukiogopa chama kama uasi. Uraiani chama si uasi. Ni msafara wa wanyonge, na askari anajua kwa nini magari hutembea kwa msafara.

NENO KWA WALIO KATIKA VIZUIZI

Tungali na neno kwa polisi. Lori linaposimamishwa Manibe au Oraba likiwa na matairi yaliyokwisha, mzigo uliozidi na dereva aliyekesha siku mbili, macho humwangukia dereva, kwa sababu ndiye aliyepo. Ana makosa, hilo hatulikatai. Lakini kosa lina baba. Taarifa iandikwe na jina la mwenye gari, iulizwe nani aliyepakia na nani aliyeamuru safari. Na askari anayepokea chai ili lori bovu lipite, ajue kwamba amemlipia tajiri mbaya ruzuku na kumwadhibu yule aliyetengeneza gari lake kwa fedha halali. Kampuni nzuri hushindwa katika njia ambayo ubovu hununuliwa kwa noti moja. Kesho askari huyo huyo atastaafu, atatafuta kazi, na atazikuta kampuni zilizobaki ni zile alizozilea.

West Nile imewahi kuona biashara zikitolewa kama zawadi. Katika Vita vya Uchumi vya mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na maduka, viwanda na magari wakapewa wengi wasiojua hesabu, wakiwemo askari, hata wananchi wakawapa jina la mafuta mingi. Magari yaliendeshwa mpaka yakaisha, kwa kuwa aliyeyapata bure hakuona haja ya kununua spea. Kipimo cha tajiri mwema ni kile kile hata leo: mtazame anavyolitunza gari siku ambayo halimletei fedha, utajua atakavyokutunza wewe siku utakapougua.

Kwa hiyo, ndugu zetu mlio karibu kuvua sare, leseni yenu ni mali na nidhamu yenu ni mali. Msiikabidhi kwa mtu wa kwanza anayepungia ufunguo. Ulizeni jina la kampuni, ulizeni mshahara umeandikwaje, kagueni gari, na waulizeni madereva waliotoka katika kampuni hiyo, siyo waliomo tu. Kisha tieni saini na mchukue nakala, mwachieni mke au mume nyumbani. Nakala hiyo ikikaa kabatini miaka kumi bila kuhitajika, haikupoteza kitu. Ikihitajika siku moja, ndiyo itakayosema mahali ambapo mwenyewe hayupo.